Fuata Njia ya Hewa

Mashine ya kufyonza vumbi inaponyimwa hewa haipunguzi kelele, huzidisha. Ngurumo yake hupanda ikawa mlio mwembamba na mkali, na anayeishika hudhani imepata nguvu mpya, akazidi kuisukuma juu ya zulia. Kumbe feni ya ndani haina hewa ya kutupa, mzigo umeipungukia mota, ndiyo maana inakwenda mbio. Wakati huohuo inapata moto. Katika mashine nyingi za nyumbani, hewa iliyokwisha kuacha vumbi kwenye mfuko hupitishwa juu ya mota kabla ya kutoka nje, na hewa hiyo ndiyo inayoipoza. Njia ikiziba mbele, joto hubaki nyuma.

Mlio huo niliuzoea Maskati kabla sijajua maana yake. Nilikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba kubwa upande wa Seeb, na kila chumba kilitandikwa zulia ukuta kwa ukuta isipokuwa jikoni na vyooni. Majlisi ya wanaume, majlisi ya wanawake, ngazi, hata ukumbi wa juu ambao hakuna aliyeukalia. Vumbi la huko halifanani na mchanga wetu wa Unguja, ambao ukikung'uta mkeka unaanguka. Ni laini mno, hupita chini ya mlango uliofungwa, na upepo wa jangwani ukivuma unaweza kumaliza kazi asubuhi na adhuhuri ukaandika jina lako kwa kidole juu ya meza. Mashine ilifanya kazi kila siku. Nami nilikabidhiwa mashine hiyo pamoja na ndoo na ufagio, bila neno hata moja juu ya namna ya kuitunza.

Haikuwa kwangu tu. Wasichana wengi niliokutana nao kule, wa Tanga, wa Mombasa, wa Pemba, hawakuwahi kuishika mashine hii kabla ya kushuka ndegeni. Wakioneshwa swichi, mafunzo yamekwisha. Nyumba ya jirani alikuwapo mmoja ambaye mashine ilimzimikia mkononi mchana, katikati ya zulia, na harufu ya moto ikatoka. Mwenye nyumba akasema ameiunguza, na mwisho wa mwezi mshahara wake ukakatwa. Tulipokutana uani alilia kwa uchungu wa mtu anayejua hakufanya lolote ila kufanya kazi. Mashine hiyo ilikuwa ya mfuko wa karatasi, na mifuko ilikuwa haijanunuliwa tangu iliyokuja nayo dukani ilipokwisha. Ule mmoja uliobaki ulikuwa ukikung'utwa jalalani, ukibandikwa utepe wa gundi, ukirudishwa. Mfuko wa karatasi si gunia la kubebea taka tu. Karatasi yenyewe ndiyo chujio, na vumbi laini likishaingia katika vitundu vyake halitoki kwa kukung'utwa.

Kesho yake mashine ile iliwaka kama kawaida. Mashine nyingi za nyumbani zina swichi ndogo ya joto ndani, ambayo mota ikipata moto kupita kiasi hukata umeme ili isiungue, na ikishapoa, baada ya nusu saa, saa moja au zaidi, huruhusu umeme upite tena. Mashine haikuungua. Ilijiokoa. Na fedha alizokatwa yule mwenzangu hazikurudi. Nimefungua mashine nyingi tangu wakati ule na bado jambo hilo linanikera, kwa sababu pakiti moja ya mifuko ilikuwa ya bei ndogo kuliko alichokatwa.

Katika nyumba yangu nilikuwa na bahati. Bibi mwenye nyumba alizaliwa Unguja na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Aliniita mwanangu, nami nilimwita Bi Mkubwa. Mashine yetu ilipoanza kulia vile, badala ya kuniuliza nimeifanya nini, alinipeleka na dereva hadi Ruwi, kwenye vichochoro vya mafundi wa vyombo vya umeme, wengi wao watu wa India na Pakistan. Fundi tuliyemkuta alikuwa Mhindi wa Kerala, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakushika bisibisi. Aliwasha mashine, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, akasikiliza. Akachomoa bomba, akaweka kiganja kwenye ncha ya mpira. Akachomoa mpira, akaweka kiganja kwenye tundu la mashine yenyewe. Hapo mkono wake ulinaswa kwa nguvu, akacheka. Mashine nzima, mpira umeziba. Alipitisha mpini wa ufagio ndani ya mpira, zikatoka soksi ya mtoto, kokwa za tende na tonge la nywele. Ufundi hakutoza. Alinielekeza kwa Kiarabu cha sokoni, polepole ili nielewe: kwanza hewa, halafu umeme.

Tangu siku hiyo, kila Bi Mkubwa alipokuwa na cha kutengeneza, niliomba niende mimi. Pasi, kisaga matunda, feni. Nilisimama nyuma ya meza ya yule mzee na kutazama mikono yake, naye alipozoea kuniona alianza kuniachia skrubu za kufungua. Ufundi wangu ulianzia hapo.

Kanuni yake ya hewa kwanza nimeielewa vizuri zaidi kadiri nilivyojifunza mashine hii inafanya nini hasa. Tunasema inavuta, lakini inayofanya kazi ni hewa ya nje. Kando ya bahari hewa hutugandamiza kwa takriban kilopaskali 101. Feni ya mashine ya nyumbani, ikizibwa mdomo, hupunguza mgandamizo wa ndani kwa kilopaskali 20 hivi, yaani kama moja ya tano. Basi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoifanya hewa ya chumbani ikimbilie ndani na kuzoa vumbi njiani. Kwa hiyo ufa wa mpira usiozidi urefu wa ukucha, au kifuniko kisichokaa sawa kwa sababu mpira wake wa kuzuia hewa umekakamaa, hupoteza kazi kubwa: hewa hupitia ufa, kwenye zulia haifiki. Mteja huniambia mota imechoka. Natia utepe kwenye ufa, anashangaa.

Mwingereza Hubert Cecil Booth aliliona hilo mapema. Mwaka 1901, siku ambazo wengine walijaribu kupuliza vumbi, yeye alifikiri kulivuta. Inasimuliwa kwamba aliweka leso juu ya kiti hotelini, akavuta hewa kwa mdomo, akaona vumbi limebaki upande wa chini wa leso. Mashine aliyoijenga ilikuwa kubwa hata ikakokotwa na farasi na kusimamishwa barabarani, mipira mirefu ikapitishwa madirishani, na ilitumika kusafisha zulia la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII mwaka 1902. Leso ile imo bado katika kila mashine, kwa jina la mfuko au chujio.

Lakini ninayempenda zaidi ni James Murray Spangler, wa mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa mfagiaji wa duka, na alikuwa na pumu. Ufagio ulimtimulia vumbi na vumbi likamkaba kifua kila siku ya kazi. Mwaka 1907 alichukua mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaunda mashine ya kusukumwa na mtu mmoja. Alipata hataza mwaka 1908, kisha akaiuza kwa William Henry Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi ambaye jina lake ndilo lililoenea duniani. Nikimfikiria Spangler namkumbuka yule mwenzangu aliyelia uani. Mashine yake haikubuniwa na mwenye nyumba. Ilibuniwa na mtu aliyelipwa kusafisha, kwa sababu yeye ndiye aliyelijua vumbi.

Niliporudi Unguja nilifungua meza ya ufundi Mwanakwerekwe, si mbali na soko. Watu waliniuliza nani ana mazulia hapa. Wengi kuliko walivyodhani. Misikiti ina mazulia, na Ramadhani ikikaribia naletewa mashine za kutosha. Nyumba za wageni za Mji Mkongwe zinazo, wanaoosha magari wanazo, na kila familia iliyorudi kutoka Ghuba hurudi na moja kwenye kontena. Mashine za huku zina maradhi yake.

Saruji ni la kwanza. Mtu amejenga chumba, fundi wa sakafu amemaliza, mwenye nyumba anatoa mashine ya zulia kufyonza unga wa saruji na lipu. Unga huo huziba chujio kwa dakika chache, na unaopenya huingia kwenye beringi za mota na kuzisaga. Kazi hiyo ni ya ufagio na maji, au ya mashine kubwa za karakana zilizotengenezwa kwa ajili yake. Jivu la chetezo nalo ni hivyohivyo, na lina hatari zaidi. Mtu amefukiza udi, chetezo kikapinduka, akafyonza mkaa unaoonekana mweusi. Mkaa mweusi juu unaweza kuwa na moto moyoni, na upepo wa mashine huuchochea ndani ya mfuko wa karatasi uliojaa nyuzi kavu. Nimeletewa mashine iliyotoboka tumbo kwa sababu hiyo. Mkaa husubiriwa upoe kabisa, ukaokotwa kwa mkono.

Halafu masika. Mwenye mashine anaosha chujio, jambo jema kama ni lile la sponji au kitambaa linaloruhusiwa kuoshwa, kisha analirudisha likiwa na unyevu kwa sababu wageni wanakuja. Vumbi likikutana na unyevu linakuwa tope, tope linakauka humohumo, na maji yanafika kwenye mota. Vitabu vya mashine husema lianikwe saa 24. Kwa hewa ya Unguja mwezi wa Aprili nasema siku mbili, kivulini penye upepo, maana jua kali hupinda plastiki. Anayeweza anunue la akiba. Yale machujio mazito ya karatasi iliyokunjwakunjwa, yanayozuia hata vumbi lisiloonekana kwa macho, mengi hayaoshwi. Hubadilishwa.

Na rasta. Mashine zenye brashi inayozunguka hukusanya nywele, na nywele za bandia ni mbaya kuliko za kichwani. Hujizungusha kwenye ncha mbili za brashi, zinapata joto la msuguano, zinayeyuka na kugandana, brashi inakwama, mkanda unateleza hadi unakatika. Harufu ya mpira ulioungua humtisha mtu akadhani ni mota. Chomoa plagi, geuza mashine, pitisha wembe kando ya brashi, toa nywele kwa koleo hadi kwenye ncha kabisa. Kinachonunuliwa ni mkanda peke yake.

Kuna mashine ambazo hunijia zimekwisha kufa, nami sina la kufanya. Ni zile zilizotoka Japani katika mizigo ya mitumba, zenye plagi ya vijiti viwili bapa. Japani umeme wa nyumbani ni volti 100. Wa kwetu ni 230. Mtu ananunua kibadilishi cha plagi dukani, kinaingia ukutani vizuri, na anaamini kimebadilisha umeme. Kimebadilisha umbo la vijiti tu. Mashine inanguruma kwa ushujaa kwa muda mfupi, kisha moshi. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini sharti ibebe wati zaidi ya zile za mashine. Mashine ya wati 1,000 naipendekezea transfoma ya 1,500. Chombo hicho ni kizito na ghali, na mara nyingi kinazidi bei ya mashine. Ninawaomba watu wasome kibati cha chini kabla ya kulipa. Imeandikwa pale, kwa tarakimu.

Tarakimu za wati nazo zinapotosha. Wateja wanakuja wakijisifia mashine ya wati 2,000. Wati ni umeme unaoliwa, si vumbi linalotoka. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uuzaji wa mashine mpya za nyumbani zinazozidi wati 1,600 kuanzia Septemba 2014, ukashusha kikomo hadi 900 Septemba 2017, na nyumba za Ulaya zinaendelea kusafishwa. Feni iliyochongwa vizuri, mpira mpana usio na ufa na chujio safi hufanya kazi kuliko mota kubwa inayohangaika nyuma ya mfuko uliojaa. Mvumbuzi James Dyson alianza safari yake mwaka 1978 kwa kukereka na jambo hilohilo, vitundu vya mfuko vinavyoziba, na alitengeneza vielelezo 5,127 kabla ya kuridhika na namna ya kuzungusha hewa mpaka vumbi litupwe pembeni. Hata mashine za namna hiyo zina chujio, na wateja wenye nazo ndio husahau zaidi, kwa kuwa waliambiwa hazina mfuko.

Hewa ikiwa sawa ndipo naingia kwenye umeme. Waya wa kujizungusha ndani ya mashine hukatika karibu na plagi au pale unapoingilia, kwa kuvutwa kutoka mbali. Una alama ya njano na nyekundu: njano ni mwisho wa kuvuta, nyekundu ni onyo. Na anayesafisha kwa muda mrefu autoe karibu wote hata kama tundu la umeme liko jirani, kwa sababu waya uliobaki umejiviringa ndani hupata joto usiloliona.

Kwenye mota kuna vipande viwili vya kaboni vinavyogusa shaba inayozunguka na kuipelekea umeme. Vimetengenezwa ili viliwe. Mota hii huzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, na kaboni hupungua kidogo kidogo hadi chemchemi haiwezi tena kuisukuma ifike. Dalili zake ni cheche nyingi, harufu kali, na mashine inayowaka ukiigonga. Hapa Unguja si rahisi kupata kaboni ya kila mashine, kwa hiyo huchukua kubwa ya grainda nikaisugua kwa msasa mpaka iteleze vizuri katika nyumba yake bila kubana wala kuchezacheza. Nikishaiweka naiwasha mashine bila mpira, nikaiacha kwa dakika kadhaa ili uso wa kaboni ushike umbo la shaba. Fundi asiyefanya hivyo ataletewa tena.

Beringi zikifa, mlio ni mwingine, wa chuma kwa chuma, nao haubadiliki hata ukifungua njia yote ya hewa. Mota nyingi nilizofungua zina beringi namba 608, tundu la milimita 8, upana wa nje 22, na hizo madukani zimejaa. Kazi ngumu ni kuifikia. Kifuniko cha feni kimebanwa kwa kukunjwa pembeni na hufunguliwa taratibu kuzunguka duara lote, maana feni ikipinda kidogo tu mashine itatetemeka mpaka ijiharibu. Nati ya feni katika baadhi ya mota hulegezwa kwa kugeuza kinyume na kawaida. Na mota iliyoungua koili siisuki upya. Wapo wanaosuka mota za pampu vizuri sana, lakini hii ndogo, kwa kasi yake, usawa ukikosekana hata kidogo hairudi kuwa yenyewe. Namwambia mwenye mashine atafute mota nzima, au aniachie mwili niutumie kwa vipuri.

Nimejiwekea sharti moja mezani kwangu. Anayeleta mashine kwa ajili ya ofisi, msikiti au nyumba ya wageni, namwomba aje na yule anayeisukuma. Mwanzoni mameneja walinuna. Sasa wengi wanakubali, kwa kuwa wameona fedha yao inabaki. Mwenye kuisukuma ndiye anayeweza kuniambia mlio ulibadilika lini na siku hiyo alikuwa akisafisha nini, na nusu ya kazi yangu inaishia hapo. Namfundisha kiganja cha yule mzee wa Ruwi. Namwonesha chujio lilipo. Kisha, yeye akiwa amesimama, namwambia meneja ni mara ngapi atanunua mifuko.

Wasichana wanaojiandaa kwenda Maskati, Doha au Dubai nao hunifikia, wengine wakiletwa na mama zao. Nawafungulia mashine juu ya meza, na wanaifunga wenyewe mpaka wasisite. Nawaambia: ukikabidhiwa mashine ya nyumba, ifungue mbele ya Mama mwenye nyumba siku hiyohiyo, kwa adabu, umuulize mifuko na machujio ya akiba yanakaa wapi. Na ulipige picha chujio jinsi ulivyolikuta. Simu huandika tarehe ya picha yenyewe, na tarehe ya kufika kwako imeandikwa kwenye pasipoti.